Kilo 600 Kuzunguka Dunia

Juni 2007 maofisa wawili wa Jeshi la Anga la India, Rahul Monga na Anil Kumar, waliondoka kambi ya Hindon karibu na Delhi wakiwa wamekaa bega kwa bega ndani ya ndege ya viti viwili. Agosti walitua palepale. Walikuwa wameizunguka dunia, zaidi ya kilomita 40,000, kwa siku 80 hivi. Jeshi lao lilikuwa linaadhimisha miaka 75 tangu liundwe, na halikukosa ndege za kivita za kutambia. Likachagua CTSW, ndege ya kampuni ya Kijerumani Flight Design iliyokuwa ikiundwa Kherson, Ukraine: mabawa mita 8 na nusu kutoka ncha hadi ncha, mwili mita 6 na kidogo, injini ya nguvu za farasi 100. Mtu mmoja huisukuma kwa mikono akaiingiza bandani.

Marekani iliziwekea ndege za namna hii daraja lake mwaka 2004 na kuziita ndege nyepesi za michezo. Masharti yalikuwa mafupi. Uzito wote wakati wa kuruka usizidi kilo 600, au 650 kwa zile zinazotua majini. Viti visizidi viwili, injini iwe moja ya pistoni, magurudumu yasikunjwe. Mwendo usipite noti 120, yaani kilomita 222 kwa saa, na bawa liendelee kuibeba ndege hata mwendo ukishuka hadi noti 45, kilomita 83 kwa saa. Ulaya wana daraja zao zinazofanana na hilo, nyingine za uzito mdogo zaidi, ambazo wengi huziita maikrolaiti. Wenye kutunga sheria walimfikiria mtu wa Jumamosi, anayeruka asubuhi, anayazunguka mashamba ya jirani, kisha anarudi nyumbani kula. Wapo walioziangalia ndege hizohizo wakaona safari.

Watu wakisikia habari za safari hizo husifu moyo wa marubani. Mimi nimezisoma kwa muda mrefu, na kinachonivuta ni kitu kikavu zaidi: jinsi wanavyopima. Wanapima kila kitu, tena mara mbili, tena kwa karatasi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika ndege ikiwa imesimama.

Tuanze na uzito, maana ndio unaoamua mengine yote. Ndege tupu ya aina ya CTSW, tuseme, ni kilo 320. Kwenye 600 zimebaki 280. Matangi yaliyomo ndani ya mabawa yanachukua lita 130 za petroli. Lita moja ina gramu 720 hivi, kwa hiyo ukijaza pomoni umetia kilo 94. Zimebaki 186. Wanaume wawili wa kilo 80, wamevaa nguo na viatu, ni 160. Zimebaki kilo 26, na ndani ya hizo 26 lazima viingie majaketi ya kuokolea, boya la kujazwa upepo kama kuna bahari njiani, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, spana, plagi za akiba, oili, mpira wa ndani wa gurudumu, kamba na vigingi vya kuifungia ndege chini usiku, turubai lake, redio ya mkononi, nyaraka, na mwisho kabisa nguo. Asiyeweza kukaa mwezi mzima na suruali mbili hana haja ya kusoma zaidi.

Wala si suala la jumla tu. Mzigo unakaa nyuma ya viti, na kila kilo iliyowekwa huko inakivuta kitovu cha uzito kuelekea mkiani. Ndege iliyolemewa mkia huruka vizuri na kumdanganya rubani, mpaka siku mwendo unapopungua mno na bawa likaacha kubeba. Hapo pua inapaswa kushuka yenyewe ili mwendo urudi. Iliyolemewa mkia inakataa kuishusha. Ndiyo maana utamwona rubani mzoefu akiushika mfuko wa spana na kuusogeza sentimita thelathini mbele, akirudi kwenye karatasi, akiusogeza tena. Anayemtazama kwa mbali atadhani ana wasiwasi. Anafanya hesabu ya kuzidisha: kilo mara umbali.

Faida ya wepesi wote huo ni hii. Ndege ya namna hiyo hunywa lita 18 hadi 20 kwa saa ikienda kilomita 200 hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850. Watu wawili wangefika kwa saa 4 na robo na lita 85 au pungufu, wakabakiwa na petroli ya zaidi ya saa 2 kwenye matangi. Kwa barabara umbali huo unapita kilomita 1,100, na pikapu nyingi zingeomba mafuta zaidi ya hayo.

Injini nayo inastahili aya zake. Nyingi ya ndege hizi zinabeba Rotax 912, inayotengenezwa Gunskirchen, Austria, na iliyoingia sokoni mwaka 1989. Ile ya nguvu za farasi 100 ni ya silinda nne, cc 1,352 tu, ukubwa wa injini ya gari dogo la mjini. Vichwa vya silinda vinapozwa na maji yanayopita kwenye rejeta, silinda zenyewe zinapozwa na upepo. Inazunguka haraka kuliko injini za ndege za zamani, hadi mizunguko 5,800 kwa dakika, na hiyo 5,800 inaruhusiwa kwa dakika 5 tu. Baada ya hapo mwisho ni 5,500. Propela haiwezi kwenda kasi hiyo bila ncha zake kupoteza nguvu kwa makelele, kwa hiyo katikati pana giaboksi inayopunguza mizunguko mara 2.43. Injini ikiimba 5,500, propela inapiga 2,260 hivi.

Kabla ya safari ya kwanza ya siku, rubani wa Rotax anafanya jambo ambalo mgeni hulishangaa. Anahakikisha swichi zimezimwa, anashika propela kwa mikono na kuizungusha polepole upande wake wa kawaida, mara kadhaa, huku ameinamisha kichwa akisikiliza. Oili ya injini hii haikai chini ya injini kama ya gari. Ina tangi lake pembeni, na ndege ikilala usiku kucha sehemu ya oili hubaki chini ndani ya injini. Akizungusha, mgandamizo unaisukuma irudi tangini, na ikishaisha kurudi, hewa inaifuata na tangi linacheua. Ni sauti ya tumbo la mtu aliyeshiba. Akishaisikia ndipo anachomoa kijiti na kusoma kipimo. Aliyesoma kabla ya kucheua amesoma uongo: ataona oili pungufu, ataongeza isiyohitajika. Na kamwe haizungushi kinyume, kwa sababu kufanya hivyo kunaweza kuingiza hewa kwenye njia za oili zinazolisha vali.

Kisha anawasha na kusubiri. Oili ifike nyuzi 50 za Selsiasi kabla ya kuruka. Asubuhi ya baridi hiyo ni dakika nyingi za kukaa tu, propela ikizunguka, macho kwenye kipimo kimoja kidogo. Oili hubadilishwa kila baada ya saa 100 za kuruka, lakini mwenye kutumia petroli ya ndege yenye risasi huipunguza hadi 50, maana risasi inaacha mashapo mazito kwenye oili na giaboksi. Mwenye kuizunguka dunia kwa saa 200 za kuruka basi anajua kabla ya kuondoka kwamba mara tatu au nne, mahali fulani ambako hajawahi kufika, atalazimika kuwa fundi kwa nusu siku. Anachagua mahali hapo mapema, kwenye ramani, na kuhakikisha chujio la oili limemtangulia au limo kwenye zile kilo 26.

Upepo ni habari nyingine, na mwenye ndege ndogo anaujua kwa undani kuliko rubani wa jeti, kwa sababu unamgharimu zaidi. Ndege ya kilomita 200 kwa saa ikienda kilomita 1,000 katika hewa tulivu inatumia saa 5. Ikutane na upepo wa omo wa kilomita 40, na mwendo wake juu ya ardhi unashuka hadi 160. Safari inakuwa saa 6 na robo. Irudi njia hiyohiyo, upepo uleule sasa ukiwa wa tezi, itakwenda 240 na kutumia saa 4 na dakika 10. Jumlisha: saa 10 na dakika 25. Upepo haurudishi wote uliouchukua, kwa sababu unakaa ndani ya ule mbaya muda mrefu kuliko ndani ya ule mzuri. Kwenye upepo huo wa omo jeti ya kilomita 900 ingeongeza kama asilimia 5 ya muda wake na abiria wasijue. Huyu wa kilo 600 ameongeza robo nzima ya muda wake, na robo hiyo ni petroli.

Kwa hiyo kabla ya kuvuka mahali pasipo na pa kutua anapiga hesabu ya pale ambapo kugeuka hakutawezekana tena. Kwa petroli ya saa 6 na hewa tulivu, ni saa 3 kamili, kilomita 600. Kwa upepo ule wa kilomita 40 umbali unapungua hadi 576, uwe unampiga usoni au mgongoni. Ila tofauti iko kwenye saa. Upepo ukiwa wa omo, anafika pale baada ya saa 3 na dakika 36. Ukiwa wa tezi, anafika baada ya saa 2 na dakika 24 tu, akiwa anafurahia mwendo, matangi bado yamejaa zaidi ya nusu, na tayari mlango wa nyuma umefungwa. Upepo mzuri ndio unaowakamata wengi.

Akiwa angani bado anautafuta. Upepo wa mita 600 si wa mita 2,000. Anapanda, anaangalia mwendo juu ya ardhi kwa dakika tano, anashuka, anaangalia tena. Na kwenye pwani yetu angepanga msimu kama nahodha wa jahazi alivyopanga: kushuka kutoka Mombasa kwenda Mtwara Januari, kaskazi ikiwa nyuma yake, na kupanda Julai kwa kusi. Yule asiyeweza kuchagua mwezi huchagua saa. Anaruka kunapopambazuka, hewa ikiwa imelala, na kufikia saa tano asubuhi anataka awe ameshatua, kwa sababu jua likishaichemsha ardhi, ndege ya kilo 600 inarushwarushwa huku na huku mpaka mikono inachoka, na kuitua kwenye upepo wa ubavu kunakuwa mieleka.

Kwa upande wa kusubiri, sijui mfano bora kuliko wa Zara Rutherford. Aliondoka Kortrijk, Ubelgiji, tarehe 18 Agosti 2021 akiwa na miaka 19, peke yake, kwa Shark, maikrolaiti ya Slovakia yenye Rotax ileile. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeondolewa, mahali pake pakawekwa tangi la petroli la ziada. Alirudi Kortrijk tarehe 20 Januari 2022, baada ya siku 155 na kilomita 52,000, akiwa mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kuizunguka dunia kwa ndege peke yao, na mwanamke wa kwanza kuizunguka kwa maikrolaiti. Magazeti yalichukua umri wake yakaandika hivyo. Mimi nilichukua zile namba mbili nyingine. Kilomita 52,000 kwa mwendo wa wastani wa 250 kwa saa ni saa 208. Saa 208 ni chini ya siku 9. Siku nyingine zote alikuwa ardhini.

Alikuwa ardhini kwa sababu sheria ya safari yake ilikuwa moja: aruke kwa macho. Shark hiyo haikuruhusiwa kuingia mawinguni, kwa hiyo kila mguu wa safari ulihitaji mchana wa kutosha, mawingu ya juu ya kutosha, na njia ya kupita kati ya mlima na wingu. Huko California moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua uliingia hadi ndani alipoketi, akageuza. Huko Nome, Alaska, alikwama kama mwezi mzima, kwanza akingoja viza ya Urusi, kisha akingoja Mlango-Bahari wa Bering ufunguke. Alipovuka, siku zilikuwa zimeshafupika na Siberia imeshaganda. Akafika Ayan, kijiji cha pwani ya Bahari ya Okhotsk, na hali ya hewa ikamfunga hapo wiki tatu nyingine.

Hebu fikiria wiki tatu za Ayan. Kila asubuhi kuamka, kutazama mlima kama unaonekana, kusoma utabiri, kuona kwamba saa mbili za kwanza ni nzuri na saa ya tatu imefungwa, na kusema hapana. Kesho yake tena. Watu nyumbani wanafuata safari, rekodi inasubiri, wanaokugharimia wanasubiri, nawe una miaka 19. Jambo rahisi kuliko yote ni kuruka ukaone mbele kukoje. Kukataa mara moja kila mtu anaweza. Kukataa kila asubuhi kwa wiki tatu, na bado asubuhi ya mwisho ukaweza kuitambua siku nzuri ilipokuja na kuondoka bila kusitasita, huo ndio ufundi ninaouzungumzia. China nayo haikumruhusu kupita kwa sababu ya masharti ya UVIKO, hivyo kutoka Vladivostok alilazimika kuivuka bahari hadi Seoul, akiikwepa anga ya Korea Kaskazini. Hapo pia hesabu ilibidi ianze upya.

Bahari inaleta swali ambalo rubani wa injini moja hujiuliza kila baada ya dakika chache hata juu ya nchi kavu: ikizima sasa hivi, natua wapi? Ndege hizi nyepesi zinateleza vizuri bila injini. CTSW kwenye vitabu inakwenda mita 14 mbele kwa kila mita moja inayoshuka; mwenye tahadhari huhesabu 10. Chukua mkondo unaoitenga Pemba na bara, kilomita 50 hivi. Anayeuvuka kutoka Tanga akiwa mita 1,000 juu ana kilomita 10 za kuaminika kila upande, na katikati yake kilomita 30 ambazo injini ikinyamaza ataogelea. Akiwa mita 3,000, ardhi iko ndani ya uwezo wake njia nzima, ama ya Pemba ama ya Tanga. Tofauti ni robo saa na ushei ya kuzunguka juu ya mji akipanda kabla ya kuanza kuvuka, na lita chache za petroli. Kwenye Atlantiki au Pasifiki hakuna urefu unaotosha, ndipo zinapoingia zile suti nzito za mpira zinazozuia maji ya baridi, ambazo mtu huvaa tangu ardhini na kukaa nazo saa sita au nane. Wasomaji waungwana wataniwia radhi, lakini kuna chupa maalumu ya haja ndogo, na kujifunza kuitumia ukiwa ndani ya suti hiyo ni somo kamili.

Juu ya misitu mtindo ni wa zamani: fuata njia ya watu. Kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, reli ya TAZARA inakupa kilomita 1,860 za alama isiyopotea, na vituo ambako kuna binadamu. Mstari ulionyooka ungekuwa mfupi zaidi, ila pori halina mtu wa kukuona ukianguka. Na ikibidi kutua shambani, ule mwendo mdogo uliowekwa na sheria ndio rafiki. Nguvu ya mgongano inakua kwa mraba wa mwendo. Anayegusa ardhi kwa kilomita 80 kwa saa ana karibu nusu tu ya nguvu aliyonayo anayegusa kwa 110. CTSW ina kinga nyingine pia, parachuti kubwa inayofyatuliwa kwa roketi na kuishusha ndege nzima. Nayo ina kilo zake.

Afrika ina mtihani wake mwenyewe, nao ni petroli. Viwanja vyetu vikubwa vyote vina mafuta ya jeti, ambayo injini za pistoni za namna hii haziyawezi. Petroli ya ndege ni adimu. Rotax inakubali petroli nzuri ya gari, na hiyo peke yake imefungua safari nyingi. Ila petroli ya dumu lazima ichunguzwe. Rubani anaimimina kupitia faneli yenye ngozi laini, inayopitisha petroli na kuzuia maji, na kabla ya kumimina anaunganisha waya kati ya dumu, faneli na ndege ili umeme tuli usitoe cheche. Baadaye anafungua vali ndogo chini ya tangi na kukinga kidogo kwenye glasi. Maji, kama yapo, yamekaa chini kama shanga. Kitu kidogo kama hicho kinaweza kuizima injini. Beryl Markham, aliyelelewa Kenya na kujifunza kuruka hapo, aliivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936 kutoka Abingdon, Uingereza. Mwisho wa safari barafu iliziba pumzi ya tangi lake la mwisho, injini ikakosa petroli, na akaiangusha ndege kwenye kinamasi cha Cape Breton, Kanada, akatoka hai. Barafu kidogo tu, baada ya usiku kucha juu ya bahari.

Nyanda za juu nazo zinaiba nguvu. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo farasi 100 za Mombasa zinakuwa 83 pale, na saa saba mchana wa jua kali hata hizo hazifiki. Aliyejaza matangi Mombasa na kuruka bila shida atajaza nusu Wilson, aondoke alfajiri. Hilo marubani wa Nairobi walilijua tangu mwanzo: Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mwaka 1929, ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth, ya mbao na kitambaa, viti viwili, nguvu isiyozidi ya hizi za leo.

Karatasi za ruhusa nitazipitia haraka, kwa sababu hazina raha yoyote. Cheti cha ndege nyepesi ya michezo cha Marekani hakitambuliwi moja kwa moja nje. Kila nchi iombwe, kila nchi ijibu kwa wakati wake, na ruhusa ya siku tatu inaweza kuisha mvua ikinyesha. Anayejua kazi huomba siku nyingi kuliko anazohitaji.

Bara letu halijakaa pembeni. Kiwanda cha Sling kiko Johannesburg, na mwaka 2009 Mike Blyth na James Pitman waliizunguka dunia kwa Sling 2 waliyoiunda wenyewe hapo. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, chini ya mradi wa U-Dream Global, waliunganisha Sling 4, ile kubwa ya viti vinne, kutoka vipande vya kiwandani, kisha wenye leseni miongoni mwao wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, kama kilomita 12,000. Zanzibar ilikuwa mojawapo ya vituo vyao. Mtoto aliyewahi kukaza ribiti moja baada ya nyingine kwa wiki tatu anakaa ndani ya ndege yake akijua kila kilichomo. Sidhani kama kuna shule bora ya urubani kuliko hiyo.

Julai 2025 Marekani ilitangaza kanuni mpya zinazokiondoa kile kikomo cha kilo 600. Chini ya kanuni hizo ndege kubwa zaidi, hata za viti vinne, zinaweza kuingia katika daraja hilo, ingawa rubani wa michezo bado anaruhusiwa abiria mmoja tu. Wengi wamefurahi, na wana haki: ndege nzito kidogo hutulia zaidi hewani na hubeba petroli zaidi. Mimi naona kile kikomo kiliwatengeneza marubani wa namna yake, watu wanaojua uzito wa viatu vyao, na sitashangaa ufundi huo ukipungua pale ambapo kilo hazihesabiwi tena.

Basi ukikutana na mmoja wao Wilson, Moshi au Unguja, ndege imefungwa kamba siku ya tatu na mwenyewe yuko kivulini anakunywa chai, usimwulize amefika mbali kiasi gani. Muulize mara ya mwisho aliyokataa kuruka ilikuwa lini, na kwa sababu gani. Akikosa jibu, usipande naye.